Vitundu Vitatu Nyuma ya Sikio

Mhariri aliniambia hakuna mtoto atakayeamini. Tulikuwa ofisini kwake Ganjoni, muswada wa riwaya yangu ya watoto uko mezani. Alikuwa ameupiga mstari mwekundu ukurasa ule ambapo msichana mpelelezi anamtambua mwizi wa duka kwa vitundu vya kofia yake. Watoto wa siku hizi, alisema, hawaangalii vitu vidogo hivyo. Niweke kamera ya ulinzi, la sivyo kitabu hakitoki.

Hawaangalii! Mimi nilikuwa na miaka tisa nilipoangalia.

Ijumaa moja baba alirudi nyumbani Mji wa Kale kutoka msikitini. Alikuwa ameivua kofia ili atawadhe, akaitundika, kisha akatwaa iliyokuwa karibu. Ilikuwa kofia nyeupe ya vito, ile ishonwayo kwa mkono, imejaa vitundu vilivyozungushiwa uzi, sawa na yake. Mama hakumngoja hata avue viatu.

"Kofia ya nani hiyo?"

Baba akasema kofia ni kofia. Maskini, alijitia matatani mwenyewe, maana ile yake mama alikuwa ameishona kwa miezi minne.

Mama akaniita nisogee. "Ndoo uone." Akanionyesha kofia nyingine aliyokuwa akiishona. Katika kila kofia, alipozungusha safu ya mwisho ya vitundu na kurudi alikoanzia, hesabu ilimkataa, vitatu vya mwisho vikabanana kama watu kwenye kiti kimoja. Wenzake wakikosea hivyo hufumua. Yeye hakufumua hata siku moja. "Hapo ndipo penye mkono wangu," alisema. "Haya, kaitafute ya babako."

Siku tatu nilitazama vichwa vya wanaume. Nilipanda kila baraza nipate kimo. Jumatatu nikatumwa bizari sokoni Marikiti, na mwuzaji alipoinama guniani kuchota, kofia yake ikawa mbele ya macho yangu. Nyuma ya sikio la kushoto, vitundu vitatu vimebanana.

"Shikamoo babu. Kofia hiyo ni ya babangu."

Watu walicheka. Mzee alihamaki, akaniita mtovu wa adabu. Sikuondoka. Nilimwomba aivue aitazame mwenyewe, nikamwonyesha kwa kidole. Aliigeuza, akakumbuka Ijumaa pale msikitini, akaninyooshea.

"Chukua," alisema mwishowe. "Lakini usimwambie mamako kwamba mke wangu hakutambua."

Nilimwambia kabla sijaitua bizari.

Na baada ya yote hayo, bado niliweka kamera ya mhariri kitabuni. Naona haya kuliandika. Nilikitaka kitabu kitoke, basi nikaifuta kofia, nikamwachia mwizi apigwe picha. Kisha nikaenda kumsomea mama. Siku hizi mtoto wa jicho amemzibia macho, na sindano ameiweka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kamera ndiyo iliyomwona mwizi?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mtoto kazi yake n'ni?"

Nilikasirika, kwanza naye, kisha na mhariri, na mwisho na nafsi yangu, na hasira hiyo ya mwisho ndiyo iliyodumu. Nikafungua kabati, nikaitoa ile kofia ya marehemu baba.

Kesho yake niliiweka mezani kwa mhariri. Nikamwambia kuna mahali pamoja mshonaji amekosea, apatafute. Asipopaona, nachukua muswada wangu naenda zangu, na kamera yake abaki nayo.

Alitabasamu, akatupia jicho saa ya ukutani. Akaigeuza kofia mara moja. "Mbona iko sawa tu."

Nikanyoosha mkono kwenye muswada. Akaigeuza tena, akaipindua ndani nje, akaenda nayo dirishani. Simu yake ikalia mpaka ikachoka. Chai yake ikafanya utando. Mimi nilikaa, mikono mapajani, ingawa kidole kiliniwasha kumwonyesha.

Ghafla akaruka kutoka dirishani, kidole amekibandika juu ya kofia asije akapapoteza.

"Hapa! Hivi vitatu vimebanana! Nimeviona mwenyewe!"

"Naam," nikamwambia. "Sasa itoe hiyo kamera."