Mbegu Zilizotiwa Dawa

Jethro Momanyi alikuwa karani wa matangazo wa chama cha ushirika kule Gesima, na Kiswahili chake, wee, kilivaa suti na tai! Wakulima walikuwa wakimtikisia kichwa, kisha wakifika njiani wanaulizana amesema nini. Yeye aliona hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Mwaka wa 1968 chama kilileta mbegu za mahindi zilizopakwa sumu ya wadudu. Jethro akabandika tangazo: "Mbegu hizi zimetiwa dawa madhubuti kwa manufaa yenu." Neno sumu aliliona la kishamba, litawatia watu hofu bure. Nyasani, mkulima aliyekuwa akiumwa na tumbo, alisomewa tangazo hilo. Mkewe Eucabeth akachemsha mbegu kidogo, akampa. Alikula Jumatano, Sabato haikumkuta.

Barua ya daktari, iliyosema Nyasani ameuawa na sumu ya mbegu, ilimfikia meneja Mogaka peke yake, naye akamwonyesha Jethro. Mbegu zilizobaki zikarudishwa stoo kimyakimya.

Tangu hapo Jethro hakupata amani. Kila alipoketi kwenye taipureta alimwona Nyasani kwenye benchi ya wakulima, mchana kweupe, kofia magotini, anangoja kusomewa. Akafunga dirisha, akageuza meza. Wapi! Aliogopa, tena aliogopa sana.

Miezi miwili baadaye, minong'ono ikaanza Nyamira kwamba stoo ya chama ina jambo. Mogaka akataka taarifa ya kusafisha jina: iseme marehemu alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Bila hiyo, Jethro atafute kazi kwingine. Basi akaandika ukurasa mzima, "mintarafu ya tukio la kusikitisha," mpaka akajipongeza. Alipoinua macho, Nyasani alikuwa bado anangoja.

Akaikunja karatasi, akaenda kwa Eucabeth, akamsomea. Mama wa watu akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza imesema nini. Jethro akaitazama tena karatasi; kweli haikusema kitu. Aibu ikamshika. Akakaa palepale kwenye migomba, akakata mintarafu, akakata tukio, akakata kusikitisha. Kila sentensi alimsomea, na mama asipoielewa aliifuta. Ule ugonjwa wa siku nyingi pia aliufuta, akijua kazi imekwenda nao. Mwishowe zikabaki sentensi mbili, naye akazisoma.

"Mbegu zile zilikuwa na sumu. Mimi Jethro niliandika dawa, na Nyasani akafa."

Jethro alingoja matusi, na angeyapokea kwa mikono miwili.

"Kumbe," mama akasema polepole. "Mimi nilidhani nilimpa kidogo mno. Siku hizi zote najilaumu, nasema laiti ningemwongezea dawa."