Mawe Yetu na Mabomu Yao

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika, Kariakoo. Foleni yenyewe ilikuwa ya mawe. Kila mtu aliweka jiwe lake tangu alfajiri kushika nafasi, kisha tukakaa barazani tukisinzia kwa joto.

Bwana mmoja alikuwa akitusomea gazeti. Serikali ya taifa moja kubwa, akasoma, imetenga fedha za kuimarisha ulinzi wa mabomu yake ya nyuklia: makufuli mapya, uzio, walinzi wa zamu.

"Wanaogopa yataibiwa?" akauliza mama mmoja, aliyekuja kutafuta sukari ya uji wa binti yake aliyejifungua.

"Yasiibiwe, mama, na yasilipuke kwa bahati mbaya."

"Kumbe hata wenyewe wanayaogopa!"

Nikafumba macho. Nikaliona bomu limelala kwenye chumba cha baridi, limefunikwa shuka, na askari kando yake anapumua polepole asije akaliamsha.

Saa kumi jioni dirisha likafunguliwa. "Sukari haijaja. Kesho."

Tukanyanyuka. Yule mama akalisogeza jiwe lake likae sawa, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Mama, huliwekei mlinzi?" nikamtania.

Akaniangalia kwa huruma. "Halijamtisha mtu hilo, mwanangu. Nani ahangaike nalo?"

Mawe yakalala peke yake, na asubuhi nikayakuta palepale, yamelowa umande, la mama mbele ya langu. Sukari nayo ilikuwa imefika, ikiwa na askari wawili wenye bunduki.