Madoa Ukutani kwa Mama

Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ukuta ule. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania mama alijenga nyumba ya matofali mabichi Buhinyuza, mkoani Muyinga, na masika ya mwaka mmoja yakafungua ufa kando ya dirisha. Majirani wakamshauri ahame. Mama alikuwa amehama vya kutosha. Akanipigia simu Gitega, nilikosomea ujenzi: "Njoo unipimie. Ukiniambia wewe, nitatoka."

Nikaenda na kamera ya chuo. Nilipaka chokaa pande zote mbili za ufa, nikanyunyiza madoa ya masizi, nikasimamisha kamera uani juu ya miguu yake mitatu. Unapiga picha, mvua inanyesha, unapiga nyingine. Kompyuta inafuata kila doa na kukuambia limesogea kiasi gani.

Asubuhi ya pili kompyuta ikaniambia ukuta umesogea, tena sana. Nikamweleza mama. Hakubisha. Aliingia ndani akaanza kukunja mikeka, upesi upesi, kazi aliyoizoea. Niliumia mpaka nikayachukia masomo yangu.

Nikampigia mwalimu wangu, mtu wa Gitega mjini, mkali kama pilipili.

"Madoa yote ilienda upande moja?"

Yote, nikasema, ya kushoto na ya kulia kwa ufa, tena kwa kiasi kilekile.

"Sasa we! Ukuta inaweza tembea yote, na ufa isifunguke? Ni kamera ndiyo ilitembea. Nani aliigusa?"

Nikamgeukia mama.

"Mimi nilifagia tu," akasema. "Mgeni kama wewe aamke akute taka uani? Nikaiinua, nikairudisha palepale."

Palepale! Nilicheka hadi nikakaa chini.

Safari hii nilifukia miguu ya kamera ardhini. Kwanza nikapiga picha mbili pasipo kitu kuguswa, kama mwalimu alivyoniagiza, nijue kamera yenyewe inadanganya kiasi gani. Kisha nikapima mpaka masika yakaisha. Tofauti kati ya pande mbili za ufa haikuzidi uongo huo. Kuapa kwamba ukuta haukusogea hata chembe sikuweza; kama ulisogea, ni kidogo mno hata kamera haikuona. Mwalimu yule, Mungu amzidishie.

"Kwa hiyo leo sihami?" mama akauliza.

"Huhami, mama."

"Na kesho?"

Swali hilo alikuwa akiwauliza watu tangu nikiwa mgongoni mwake, na hakuna aliyewahi kumjibu.

"Hata kesho," nikamwambia. Akajifunika uso kwa kitenge, akalia, nami nikalia naye.