Mahali Alipothubutu Kuingia Mjomba Cindo

Mjomba wangu Rudecindo Pavez aliogopa maji kiangazi kizima, na hakuna aliyejua, ingawa sote tulikuwa tukimtazama kila asubuhi.

Sisi tunaishi kwa mwani. Si ule mwepesi unaofungwa kwenye kamba. Huu wetu, kochayuyo, ni mnene kama tairi la baiskeli, mrefu kumpita mtu, na hupenda kung'ang'ania jabali pale hasa ambapo bahari inapiga kwa hasira. Kuukata lazima uingie majini kutoka nchi kavu, kwa sababu hakuna mashua itakayosogelea majabali yetu ikarudi nzima. Na maji yenyewe! Niliwahi kutia mguu mwezi wa Januari, jua likiwaka, nikahisi kama mtu amenigonga kifundo kwa nyundo.

Hata hivyo, kuzamia si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuchagua pa kuzamia, na mchaguaji wetu alikuwa mjomba Cindo. Alipewa kazi hiyo hata kabla sijazaliwa. Kila asubuhi alikaa juu ya genge, mgongo kwenye jiwe, akaitazama bahari, na hakuna aliyemsemesha. Watu walipuliza moto, wakanywa chai, wakangoja. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasali. Siku moja nikamuuliza anatazama nini muda wote huo.

"Pa kutokea," akasema. "Kuingia hata ng'ombe anaingia, mwanangu. Akiteleza tu, ameshaingia."

Akisharidhika, hushuka na kulitandaza koti lake jekundu juu ya mwamba na kulikandamiza kwa jiwe. Koti haliwekwi pa kuingilia, huwekwa pa kutokea, ili aliye majini akiinua kichwa alione. Halafu yeye mwenyewe hutangulia. Hiyo ndiyo desturi yetu: anayechagua huwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Tuliiona desturi nzuri, kwa kuwa hakuna atakayewatuma wenzake mahali asipothubutu yeye. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuigeuza aone upande wake wa pili, yaani mchaguaji akishikwa na woga, kijiji kizima kitazamia pale tu anapothubutu yeye.

Woga ulimshika mwisho wa msimu uliopita, mahali tunapopaita Birika, kwa sababu maji yake huchemka na kupiga mluzi. Wenzake walikuwa wameshatoka, wanapandisha mizigo. Yeye, wa mwisho, alikuwa amebakiza kidogo tu kulifikia koti wimbi lilipomvuta chini ya mwamba, mwani ukamfunga miguu. Alikata, akakata, kisu kikamponyoka. Aliniambia baadaye kwamba humo chini alimwita mama yake, bibi yangu, aliyekwisha kufa zamani. Pia alijikojolea, lakini hilo si la kuhesabu, maana wazamiaji wote hukojoa ndani ya suti zao za mpira wapate joto. Lililomwaibisha ni kumwita mama. Wimbi jingine ndilo lililomtapika nje. Alipofika juu bila pezi moja la mguuni, watu wakamuuliza, naye akasema mkanda umekatika.

Basi, msimu mpya ukaanza, na kila asubuhi mjomba akawa anachagua Zizi. Zizi ni hori dogo lililozungushiwa majabali pande zote. Bahari ikiingia humo huwa imeshachoka. Watoto hujifunzia kuogelea pale. Mwani upo, ila mchache.

"Kuna mawimbi marefu yanakuja nyuma," alikuwa akisema. "Leo tukae Zizi."

Na watu walimwamini! Walimsifu hata. Mamake Yoyo, mama wa kijana mwenye domo kuliko wazamiaji wote, alimletea mkate uliochomwa jivuni, umefungwa kwa kitambaa, akamwambia kwa heshima, "Don Cindo, nakushukuru. Wengine wangemtuma mwanangu kwenye kifo ili lori lijae." Mjomba akaupokea kwa mikono miwili. Nilikuwepo. Alikuwa mwekundu hadi masikioni, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Kufika mwezi wa Machi, Zizi lilikuwa limekwisha. Sheria yetu ni kuacha shina na kuacha mwani mchanga, lakini tumbo halisomi sheria. Watu wakaanza kukata mwani mfupi kama mkono. Mama yangu Fresia, mdogo wake mjomba, ambaye naye huzamia, alikuwa akirudi nyumbani na kuupanga mwani huo mchanga chini ya gunia ili majirani wasiuone.

Halafu ikaja ile asubuhi ya bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa hadi majabali yakaonyesha miguu yake, upepo hakuna, bahari shwari kama mafuta. Lori la mnunuzi lilikuwa linakuja mara ya mwisho wiki ile. Sisi wa kupokea na kubeba tulikuwa tayari, wazamiaji wameshavaa. Mjomba alikaa kwenye jiwe lake akatazama, akatazama, mpaka chai ikapoa.

"Zizi," akasema.

Hakuna aliyeinuka.

"Don Cindo," Yoyo akasema, "bahari leo imelala fofofo. Hata ukiitekenya haiamki."

"Kuna mawimbi marefu nyuma."

"Nyuma wapi? Nyuma ya Uchina?"

Watu wakacheka. Mama akamkaripia, "Yoyo, funga bakuli lako. Kaka anatazama."

"Anatazama tangu Krismasi, doña Fresia! Zizi limebaki kipara kama cha padri. Leo tukate nini, tukate kome?"

Mama alimgeukia mjomba, akasema kwa sauti ya chini, sauti anayotumia akitaka jambo litoke bila ugomvi, "Kaka. Na Birika je?"

Nilimwona mjomba akiangalia nyuso zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta pa kutokea. Kisha akasimama.

"Haya. Birika."

Alishuka haraka mno. Koti akalitandaza kwenye mwamba wa kwanza alioukuta, akaweka jiwe, akaenda ukingoni. Wengine wakajipanga nyuma yake, mapezi mkononi. Pale huwezi kuruka wakati wowote. Unangoja mawimbi makubwa yapite, kisha unakuja utulivu mfupi, na humo ndimo unamoingia. Utulivu ukaja. Mjomba hakuruka.

"Huu mfupi," akasema.

Ukaja mwingine. Miwani yake ilikuwa imeingia ukungu, akaitemea mate, akaisuuza. Ukaja mwingine tena. Sasa ni mkanda wa pezi.

"Bibi harusi," Yoyo akaita kutoka nyuma, "ukimaliza kujipamba tuambie, padri ameshasinzia!"

Kicheko kikapita, kikafa chenyewe, kwa sababu aliye karibu alikuwa ameona magoti ya mjomba. Yalikuwa yanatetemeka, na si kwa baridi, maana baridi sisi tunaijua inavyotetemesha. Mjomba akakaa chini pale pale kwenye mwani uliolowa. Akavua kofia yake ya mpira. Nywele zilikuwa zimemsimama kama za kifaranga.

"Siwezi," akasema.

Mama akamwinamia. "Kifua? Kaka, ni kifua?"

Angejibu ndiyo, yangeishia hapo. Tungembeba juu, tungemchemshia majani, na heshima yake ingebaki palepale. Mama anasema alimwona akilifikiria jibu hilo, akaliweka mdomoni, akalimeza.

"Si kifua. Naogopa."

"Leo?"

"Tangu mwaka jana. Tangu lile pezi."

Watu walirudi nyuma kwa akili zao, asubuhi baada ya asubuhi. Mimi pia nilirudi.

"Na yale mawimbi marefu?" mama akauliza.

"Hayakuwepo."

"Hata siku ile tuliyorudi mikono mitupu?"

"Hata siku ile."

Nilitarajia Yoyo acheke. Hakucheka. Alisema tu, polepole, kama mtu anayejisemea, "Mama yangu alikuletea mkate."

"Nilijua siustahili," mjomba akasema. "Na niliula."

Hapo mama alisimama wima. Sijawahi kumwona akimkasirikia kaka yake mbele za watu. Mjomba ndiye aliyemlea mama baada ya baba yao kufariki. "Kaka, kule Zizi tumekata watoto! Watoto wa mwani! Mimi nimewaficha chini ya gunia kama mwizi, nikisema kaka anajua anachofanya. Kumbe tulipokuwa tunakata mwani, tulikuwa tunaulisha woga wako?"

Mjomba alitazama mikono yake. Nami, juu yao kidogo nilipongoja mizigo, nilitamani mtu yeyote aseme neno lolote, hata la kijinga, ili uso wake upate pa kujificha.

"Utafutwe mchaguaji mwingine," mtu mmoja akasema.

"Nani?" mama akauliza. "Wewe? Wewe uliyetaka kutokea kwenye mdomo wa lile pango tunaloliita Kanisa, mpaka tukakuvuta kwa kamba kama mbuzi?" Mama akamrudia kaka yake. "Nijibu kweli sasa. Woga uko miguuni au uko machoni pia?"

Mjomba akafikiri. "Miguuni."

"Basi macho yafanye kazi. Tazama. Nitatangulia mimi."

Minong'ono ikazuka: haijawahi kutokea, anayechagua ndiye anayeingia, asiyelowa atachagua huku akiota jua. Mama akasema, "Desturi imetulisha mawe tangu Desemba," akaanza kuvaa mapezi.

Mjomba akageuka kuitazama bahari. Hapo ndipo alipoliona koti lake, nami nikaona alivyoliona. Alikuwa ameliweka mahali pabaya. Mwamba ule ulikuwa na ukingo uliopinda kuelekea ndani. Aliye majini angeufikia na asiweze kuupanda. Aliuchagua bila kuutazama, kwa sababu moyoni alijua hataingia, na wenzake wangeufuata wakiamini. Alikwenda kulichukua mbele ya watu wote, akitembea kama amebeba maiti. Akalihamishia mbali zaidi, kwenye ngazi ya mawe ambapo maji yalipanda na kushuka bila kunyonya.

"Hapa," akasema. "Msikaribie ukingo wa kaskazini. Fresia, usiruke mpaka niseme."

Utulivu ulipokuja alisema, "Sasa," na mama yangu akaingia.

Walikata asubuhi yote. Sijawahi kuona mwani mwingi vile, mrefu, wa rangi ya asali, ukivutwa juu kama nyoka waliolala. Mjomba alisimama ukingoni akiita mawimbi hadi wa mwisho alipotoka. Kisha, bila kuambiwa, akaja upande wetu, upande wa watoto, wasichana na vikongwe, akajitwisha mzigo na kuanza kupanda genge. Akashuka, akapanda tena. Hakuna aliyemwambia pumzika. Wakati wa kula alikaa upande ambao moshi unaelekea, na Yoyo alipopitisha mkate aliupitisha kwa mkono wa nyuma, asimtazame. Mjomba akampa jirani yake bila kukata kipande.

Kesho yake sikuwa na uhakika kama atakuja. Alikuja, lakini hakukaa kwenye jiwe. Alisimama nyuma yetu, kama mgeni aliyepita tu. Mama akamwita kwa kichwa, naye akasogea na kutazama. Bahari mimi niliiona sawa na ya jana. Alitazama muda mrefu.

"Leo hapafai," akasema. "Si Birika wala Kanisa."

Mama akamuuliza bila ukali, kama mtu anavyouliza saa ngapi, "Ni bahari au ni wewe?"

Shingo ya mjomba ikawaka. "Ni bahari."

Siku zote neno lake lilikuwa la mwisho. Sasa mama aliteremka mwenyewe hadi Birika, nasi tukabaki juu tukingoja, na mjomba akingoja pamoja nasi kujua kama amesema kweli. Hakuna aliyeongea naye. Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya.

Mama akarudi amelowa hadi kiunoni, bega moja limechubuka.

"Ni bahari," akasema, akaanza kuvua suti.

Mjomba akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyesomewa alama zake mbele ya darasa.

Tangu hapo huulizwa hivyo kila asubuhi, na mtu mmoja huteremka kuhakikisha. Hajawahi kukasirika. Zipo asubuhi anazokawia kujibu, akitazama vidole vya miguu yake, kisha akasema, "Ni mimi." Siku hizo wenzake huvaa mapezi, naye hushuka mbele yao kwenda kutandaza koti.