Rauta Kwenye Kabati la Vyombo

Mende nawachukia tangu utoto. Nyoka naweza kumuua kwa jembe nikaendelea kupalilia. Kwetu Kisarawe, chini ya mikorosho, hilo si jambo la kumsimulia mtu. Lakini mende akipita tu ukutani nasisimka mwili mzima, mate yananijaa mdomoni, na chakula cha siku hiyo basi tena. Nalisema hili mapema kwa sababu ndicho kisingizio changu pekee, na mwenyewe naona hakitoshi.

Nyumba yetu iko Mkuza, Kibaha. Mume wangu, mtu wa Rombo, ndiye aliyeingiza intaneti ya nyumbani, na kile kiboksi cheupe wanachokiita rauta tukakiweka mahali panapostahili kitu cha thamani: sebuleni, ndani ya kabati la vyombo. Kabati lenyewe lina milango ya vioo, mgongo wa kioo cha kujitazamia, na rafu zilizojaa zawadi za kicheni pati yangu, masinia ya stenlesi na mabakuli ambayo hayajawahi kuonja mchuzi. Rauta ilikaa nyuma ya masinia. Juu yake nikatandika kitambaa cheupe cha kufuma, nikafunga mlango, na ufunguo nikauweka kwenye pochi. Runinga ina kitambaa chake, friji ina chake, hata jagi la maji lina chake. Kwa nini rauta ikae uchi? Hakuna aliyejiuliza kama kitu kile kinahitaji hewa.

Kwa miaka miwili haikutusumbua sana, kwa sababu sisi wenyewe tulikaa hapohapo sebuleni. Kisha mama akaja.

Mama alikuja kutoka Kisarawe kwa jambo moja tu: kumwona mdogo wangu. Mdogo wangu anafanya kazi Maskati, mwaka wa nne sasa hajarudi, na kule kijijini kwetu simu inashika kwa shida, unaongea umesimama kilimani, tena sauti tu. Mama alikuwa amechoka na sauti. "Nataka nimwone uso," aliniambia siku aliyofika, hata baibui hajavua. "Kwenye hizo simu zenu za picha. Nikishamwona narudi kwangu."

Mdogo wangu alikuwa na nafasi Ijumaa, baada ya sala. Mama alitaka kuongea naye chumbani kwake, chumba cha nyuma, ameketi kwenye mkeka na mlango umerudishwa, maana mazungumzo ya mama na mwanawe si ya sebuleni. Sawa. Ijumaa ya kwanza nikampigia, nikamshikisha simu, na picha ikaja vipande vipande. Paji la uso likaganda upande mmoja, mdomo ukabaki wazi katikati ya salamu, kisha kila kitu kikawa miraba ya rangi. Mama aliisogeza simu usoni mpaka pua ikagusa kioo.

"Nimemwona sikio," alisema baadaye. "Ni lake lile, limechongoka. Wiki ijayo nitamwona lililobaki."

Jioni ile nilikwenda kwenye kabati niitoe rauta nione ina tatizo gani. Nikaingiza ufunguo. Kabla sijauzungusha, kwenye tundu moja la kile kitambaa changu cha kufuma zikatokeza sharubu mbili, ndefu, za kahawia, zikapepesuka taratibu, zikarudi ndani. Nikauchomoa ufunguo. Nikamwambia mume wangu kwamba tatizo ni mnara, umeelemewa na wateja, na nikakaa kwenye kochi. Nilijua kabisa kwamba tatizo si mnara.

Ijumaa ya pili tukaleta fundi kutoka mtaa wa Picha ya Ndege. Huyo naye alinitia kichefuchefu kwa namna yake. Alikaa amekunja mguu juu ya kochi langu, akajichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, akakitazama alichokitoa, kisha kwa kifuniko hichohicho akanielekeza kwenye kabati. "Mama, fungua hapo tuione mashine yenyewe." Nikamwambia ufunguo umepotea. Ulikuwa kwapani kwangu, ndani ya pochi. Akasema basi ninunue busta, kifaa cha kusukuma mawimbi, tukichomeke koridoni. Tulinunua. Busta ikasukuma uleule udhaifu kutoka kabatini mpaka chumbani kwa mama, na mdogo wangu akaonekana kama kivuli nyuma ya pazia la bafu.

Katikati ya wiki hizo mama alianza kunikera. Nasema ukweli. Aliomba kazi, hakutaka kukaa bure, nikampa ungo achambue mchele. Aliuchambua asubuhi nzima akiimba kaswida, na mchana mume wangu akatafuna jiwe. Kesho yake nikakuta kwenye mchele "uliochambuliwa" vile vidudu vyeusi vinatembea, nikaumwaga mchele wote nje huku nafsi ikinikataa. Sikumwambia kitu. Nilijisemea moyoni kwamba mama amezeeka, amekuwa mchafu, na neno hilo nililitumia hasa, mchafu, kwa mwanamke aliyenifundisha kusugua sufuria kwa mchanga mpaka unajiona.

Kisha ikaja chai. Alikuwa amekaa barazani, kikombe mkononi, nami napita na ndoo. Mende mdogo, mwekundu, alikuwa anaelea juu ya chai, miguu juu. Mama akakiinua kikombe kuelekea mdomoni.

"Mama! Huoni?"

Nilimpokonya kwa nguvu mpaka chai ikamwagikia kanga. Aliikung'uta kanga. Halafu akasema, "Nimemwona. Nilikuwa natafuta kijiko nimtoe."

Hakukuwa na kijiko popote. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, kisha nikanawa uso, na kwa siku mbili sikuweza kunywa chai nyumbani kwangu. Kilichonitapisha nilidhani ni mende.

Ijumaa ya tatu na ya nne zilikwenda hivyohivyo. Tulijaribu dirishani, tukajaribu uani karibu na tangi la maji, mimi nimeinua simu juu mkono umekufa ganzi, mama ananifuata nyuma ameshika ncha ya kanga yangu. Niliona anavyoishika ile ncha. Nilidhani ni mapenzi. Ijumaa ya nne ilibaki sauti peke yake, na mama akasema, "Sasa si afadhali ningebaki kilimani kwangu?" Hakusema kwa hasira, ndiyo maana niliumia.

Mwalimu mwenzangu shuleni ndiye aliyenisimanga. Nilipomweleza rauta iko wapi alicheka mpaka akashika meza. Kioo cha kujitazamia kinarudisha mawimbi, akasema, masinia nayo yanayazuia, ukuta wa tofali unakula yaliyobaki, na ukiifunika inachemka na kuzimia. Itoe, iweke juu, mahali peupe, katikati ya nyumba. "Hata darasa la saba wanajua," akamalizia.

Basi Alhamisi, saa kumi jioni, nilijifunga kitambaa puani, nikavaa glavu za kufulia, nikafungua.

Harufu ndiyo iliyotangulia, ile ya mafuta ya zamani na uvundo mtamu wa mende wengi waliokaa pamoja. Nikanyanyua kitambaa kwa ncha ya mwiko. Walimwagika. Wakubwa waliingia kwenye mabakuli ya kicheni pati, wadogo, weupe waliotoka kujivua ngozi, wakatawanyika kwenye kioo cha nyuma, kwa hiyo niliwaona mara mbili mbili. Rauta yenyewe ilikuwa ya moto, na kila tundu lake la hewa limezibwa na vinyesi, magamba, na yale mayai yao ya kahawia. Nilipoitikisa, ilitoa mchakacho. Tuliishi na hilo. Tulikuwa tunakaribisha wageni mbele yake, tunawaambia karibuni chakula.

Nilipiga dawa, nikasugua kwa spiriti na mswaki, nikatema mate mara nyingi kuliko siku zote za mfungo. Kitambaa nilikichoma moto. Mume wangu akapigilia ubao juu ya mlango wa koridoni, tukaiweka rauta huko, uchi, antena zimesimama. Nikaingia chumbani kwa mama nikaangalia simu: alama zote zimejaa. Nikapiga kelele ya furaha. Mama akaja akipapasa ukuta kuuliza kuna nini, nikamwambia kesho utamwona mwanao mpaka vinyweleo.

"Alhamdulillahi," akasema. Akakaa kitandani.

Ijumaa ya tano picha ilikuja safi. Sijawahi kuona picha safi hivyo kwenye simu. Mdogo wangu alikuwa amekaa mbele ya ukuta wa kijani, ameongezeka mwili, na amefuga ndevu nyingi, nyeusi, mpaka zimefunika kola ya kanzu.

"Shikamoo mama! Unaniona?"

"Marahaba mwanangu. Leo nakuona vizuri kabisa, dada yako kahangaika." Mama alitabasamu, uso ameuelekeza kidogo kushoto mwa simu. "Na ulivyonyoa, umependeza. Umekuwa kijana kama zamani."

Mdogo wangu alicheka. Alidhani ni utani wa mama, akazishika ndevu zake kwa mikono miwili akaanza kuzitetea. Mimi sikucheka. Nilimtazama mama, na mambo yote ya wiki tano yakanijia kwa mkupuo.

Simu ilipokatika nilimuuliza. Kwanza alinikaripia, nisimfanye mtoto. Kisha akaniambia. Jicho la kulia lilikwenda tangu msimu wa korosho uliopita. La kushoto lilikuwa limebaki na kitundu, anaona katikati tu, kama anayechungulia kwenye mrija, na kitundu kilikuwa kinazidi kuwa kidogo. "Ndiyo maana nilikuja," alisema. "Nilitaka nimwone kabla hakijaziba. Siku ile ya kwanza nilimwona sikio, si nilikwambia? Wiki ya tatu nikawa naona mwanga tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenipeleka hospitali, mngeanza kuhangaika. Mimi sikuja kuwa mzigo. Nilikuja kumwona."

Hospitalini daktari alisema ni presha ya macho, ya muda mrefu. Matone yatapunguza maumivu, kilichopotea hakirudi. Niliuliza kuhusu zile wiki tano. Alinitazama, akasema hawezi kuniapia, lakini siku aliyofika kwangu huenda bado alikuwa na cha kuonea. Nilitoka nje nikatema mate kwenye maua ya watu. Nilikuwa nimeshindwa kuzungusha ufunguo mmoja kwa sababu ya sharubu mbili. Mende nawachukia bado, lakini tangu siku ile, kinachonitia kinyaa zaidi ndani ya nyumba ile kinavaa viatu vyangu.

Mama alikataza mdogo wangu asiambiwe, si kwa sasa, yuko peke yake ugenini. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata tulikaa tena mkekani, mimi na mama, mlango umerudishwa. Safari hii alinitaka nibaki. Nilikuwa nimemweleza kila kitu usiku uliotangulia, ndevu, ukuta wa kijani, mwili ulivyoongezeka, naye alivishika vizuri na kuviuliza kimoja kimoja, na kijana akafurahi. Picha haikukatika hata mara moja.

Katikati ya maongezi mdogo wangu akasogea karibu na simu.

"Mama, mbona unaangalia pembeni? Niangalie mimi."

Nikamshika mama kidevu, taratibu, nikamgeuza uso.

"Hapa?" akaninong'oneza.

"Hapo, mama."