Siku Baba Alipovaa Miwani Myeusi Kortini

Wengine huaibika kwa ulevi, mimi niliaibika kwa miwani, tena mbele ya korti nzima, na hadi leo nikipita Nateete kuna wanawake wanaoziba midomo wasicheke (nawaona, wasidhani siwaoni!).

Baba yangu, sajini mstaafu, akili zilikuwa zimeanza kumtoka. Asubuhi yuko sawa, mchana anamwita Mama kwa jina la dada yake. Sasa jirani mmoja mwenye duka akamnyemelea, eti abadilishane nyumba yetu na pikipiki kuukuu, na Baba kakubali, bado saini tu! Nikakimbilia kortini nikaomba nikabidhiwe mambo yake, asiuze kitu bila mimi. Hakimu akataka kumwona mwenyewe.

Siku hiyo macho ya Baba yalikuwa yanachuruzika, katiwa dawa hospitalini Mulago, nikaona bora nimvalishe miwani myeusi, jua lisimchome. Na koti lake la jeshi, apate heshima. Heshima gani! Miaka ile ya utawala wa jeshi, miwani ya namna hiyo ilikuwa ya wale watu wa usalama, wanaokuchukua mchana kweupe usionekane tena. Tulipoingia, benchi la mbele likahama lote, karani akaangusha kalamu, na hakimu (hakimu, jamani!) akasimama.

"Afande, karibu. Tukusaidie nini?"

"Mheshimiwa," nikasema, "huyu ndiye baba yangu, yule niliyesema akili zimepungua."

"Nnyabo, mama wewe, nyamaza!" Jasho lilikuwa linamtiririka hakimu. "Afande, huyu unamjua?"

Baba akanitazama weee, akasema, "Simjui. Mtoeni."

Ushahidi si ndio huo? Lakini nani angethubutu kuuandika! Askari wawili wakanibeba mzegamzega wakanitupa uani, kiatu kimoja kimebaki ndani, nami napiga kelele, "Baba, ni mimi Zaina!" Niliumia, wallahi, na si kiuno tu.

Wiki iliyofuata nikamrudisha na kanzu safi, macho wazi. Hakimu, sasa kifua mbele, akauliza, "Mzee, huyu nani?"

Baba akatabasamu. "Zaina, kitinda mimba wangu. Ana kelele huyu!" Akataja mtaa wetu, siku, hata jina la Mama, lile lenyewe.

Hakimu akaamua: mzee ana akili timamu, ombi limekataliwa. Nami, mjinga mimi, nikamkumbatia nikilia kwa furaha, huku nyumba inakwenda. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tunapanga chumba Kalerwe, na Baba ananiuliza kila asubuhi mimi ni mke wa nani.

Nikaapa yasinikute. Mwanangu mkubwa nimeshamsainia anishikie mambo yangu, ningali namjua.