Bango la Veridiana

Watu wengi wa Kariakoo walizijua herufi za Angelina bila kumjua Angelina mwenyewe. Zilikuwa kwenye mabango ya harusi, ya saluni, ya maduka ya vitenge, ya mikutano ya injili pale Mnazi Mmoja. Majina yalikuwa yanawaka kama yamewekewa taa kwa ndani, mengine ya buluu kama moto wa gesi, mengine mekundu kama makaa yaliyopulizwa sasa hivi. Mtu akipita, shingo inageuka yenyewe. Mwenye kazi hiyo alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, wa miaka arobaini na moja, aliyekaa kona ya nyuma ya duka la uchapaji la Mzee Jitendra, Mtaa wa Sikukuu, mgongo kauelekeza mlangoni na uso kwenye kompyuta, tangu asubuhi mpaka duka lifungwe.

Alikuja Dar kutoka Masasi akiwa na miaka ishirini na mitatu. Pale dukani alianza kwa kufagia na kukata karatasi, na kompyuta alijifunza kwa kuchungulia bega la fundi aliyekuwepo. Fundi yule alipoondoka, Mzee Jitendra alimwonyesha kiti. "Kaa hapo, Angelina. Ukiharibu, tutajua umeharibu." Akakaa. Hakukiacha kiti kile kwa miaka kumi na sita.

Hakuwa na siri kubwa. Aliandika jina, akalirudia kwenye leya, yaani tabaka, nyingine chini yake, ile ya chini akaifanya ya ukungu na kuipaka rangi kali, chini yake tena nyingine yenye ukungu mpana zaidi, halafu katikati ya kila herufi akapitisha mstari mweupe mwembamba, kama waya ulio ndani ya balbu. Wengine walifanya hivyohivyo na herufi zao zikatoka kama zimemwagikiwa rangi. Za kwake zilitoka kama zina uhai. Alikuwa anaangalia mwanga wa picha yenyewe unatokea upande gani, umepiga shavu au kitambaa, naye anaugusisha mwanga wa herufi hapohapo, kidogo tu. Akimaliza anarudi nyuma na kiti chake, anaegemea, anatazama. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake, na hakuwa na nyingine nyingi. Mume hakuwa naye, mtoto hakujaliwa. Chumba chake kilikuwa Ilala Bungoni, na ukutani alibandika majina ya watu asiowajua, yale aliyoyapenda zaidi.

Macho yalianza kumsumbua kidogokidogo hata hakujua yameanza lini. Alikuwa anaupoteza mshale wa mausi. Anautafuta kioo kizima, kumbe uko kushoto, chini, pale ambapo ameshatazama. Barabarani akaanza kugongana na watu. Siku moja Mtaa wa Msimbazi msukuma mkokoteni alimkosa kwa shubiri moja, akamfokea, "Wewe mama, hunioni?" Angelina alicheka, akasema alikuwa na mawazo. Alienda kununua miwani ya mezani kwa wachuuzi, akabadilisha mara mbili, akajiambia ni umri. Dukani hakusema. Angesema nini? Kazi yake yote ilikuwa ni kuona.

Mwezi wa nane akaja Jovitha, mkaanga samaki wa soko la Feri, mwanamke mnene mwenye mikono yenye makovu ya mafuta. Alikuwa amefiwa na binti yake wa pekee, Veridiana, aliyekuwa anasomea uuguzi. Mwaka ulikuwa unatimia, na familia ilipanga misa ya kumbukumbu. Alitaka bango kubwa la kutundika mbele ya kanisa.

"Nimeona kazi zako," alisema. "Zile za kuwaka. Nataka jina lake liwake hivyo. Alikuwa hapendi giza, mwanangu."

Angelina alimwomba picha. Jovitha akampa simu, akageuza uso pembeni wakati picha inahamishwa. Binti alikuwa kwenye sare nyeupe, anacheka, jino moja la mbele limepanda jingine.

Kazi hiyo Angelina aliifanya kwa moyo wote. Kama ilivyo kawaida ya mafundi, hakuanza patupu. Alifungua faili la bango la zamani lenye vipimo vilevile, akafuta vya zamani, akaweka vipya. Akaikuza picha mpaka ikajaza kioo, akafanya herufi moja moja ya jina la Veridiana, rangi ya dhahabu, na mwanga wake akaugusisha kwenye kola ya ile sare. Ilimchukua siku mbili. Alipomaliza alirudi nyuma na kiti, akaegemea, akatazama, akaona ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alimtumia Jovitha kwenye simu ili aikague. Jibu likarudi: "Asante dada, chapisha." Rogath, kijana wa mashine, akachapisha. Rogath alikuwa anachapisha chochote kilichokuja, macho yake yako kwenye wino na karatasi.

Jumatatu iliyofuata Jovitha aliingia dukani na bango limeviringishwa kwapani. Hakusalimia. Alilikunjua juu ya meza ya mbele, akashika pembe moja, Rogath akashika nyingine.

"Njoo," alimwambia Angelina. "Nisomee."

Angelina akasoma. "Kumbukumbu ya mwaka mmoja. Mpendwa wetu Veridiana."

"Endelea."

"Imeishia hapo, dada."

Rogath alikuwa ameshaona. Mzee Jitendra alinyanyuka kwenye kiti chake, akaja, akaona naye. Jovitha alimshika Angelina mkono, akakiweka kidole chake kwenye kona ya chini, kushoto. Angelina aliinamisha uso, akageuza kichwa, na ndipo maneno ya lile bango la zamani yakajitokeza, ya waridi, yanawaka vizuri kabisa, kwa mkono wake mwenyewe: *Heri ya kuzaliwa! Tufurahi pamoja!*

"Limekaa mbele ya kanisa misa nzima," Jovitha alisema. Hakupaza sauti. "Mimi sikuweza kuiangalia ile picha uliyonitumia kwenye simu. Nilikuamini. Watu walidhani mimi ndiye nimechanganyikiwa. Shemeji zangu wamenicheka. Nilikukosea nini, dada?"

Jovitha aliliacha bango mezani, akatoka.

Mzee Jitendra hakumgombeza. Alisimama kushoto kwake, akanyanyua mkono na vidole vitatu. "Vidole vingapi, Angelina?"

"Vidole gani, Mzee?" aliuliza.

Kesho yake Megha, binti wa Mzee Jitendra, alimpeleka kliniki ya macho. Daktari alikuwa mwanamke mpole, akamwekea kidevu kwenye chombo cha kupimia macho, akamtia dawa, akampa kitufe cha kubonyeza kila akiona nukta ya mwanga. Angelina alikaa na kitufe mkononi, anasubiri. Kwa kitambo kirefu hakubonyeza kitu.

"Ni presha ya macho," daktari alisema. "Imekula mshipa wa nyuma ya jicho, taratibu, kwa miaka. Jicho la kushoto limebaki na uwazi mdogo kama wa kwenye tundu la mlango. La kulia lina nafuu, lakini nalo linaelekea hukohuko."

"Dawa ipo?" Megha aliuliza.

"Ya kuchelewesha ipo, matone, kila siku bila kukosa. Kilichokwisha kufa hakirudi. Angekuja miaka mitano iliyopita, tungeongea mengine."

Miaka mitano iliyopita. Angelina alijaribu kukumbuka alikuwa anafanya nini wakati ule, akakumbuka alikuwa kwenye kiti chake anafanya kazi, wala hakuna kilichokuwa kinamuuma. Ndivyo ulivyo ugonjwa ule, daktari alimwambia. Hauumi.

Alirudi dukani, akaomba kitu kimoja: alifanye upya bango la Veridiana. Mzee Jitendra akamruhusu. Safari hii alianza patupu. Alikikata kioo vipande kwa macho, kipande kwa kipande, kulia kwenda kushoto, juu kwenda chini, akifika pembeni anageuza kichwa kizima. Akimaliza mstari anamwita Megha, "Hapa pana nini?" Megha anamwambia. Ilimchukua siku sita. Mwishoni alirudi nyuma na kiti kama alivyozoea. Akitazama jina, uso hauonekani. Akitazama uso, jina limekatika. Hakuweza tena kuliona bango zima kwa mara moja. Akamuuliza Megha, "Linawaka?"

"Linawaka, dada," Megha alisema.

Hakuwa na namna ya kujua kama kweli, au ni huruma.

Wakaenda wote wawili Feri. Jovitha alikuwa nyuma ya karai, moshi umemzunguka, wateja wanasubiri. Alimwona Angelina ameshikwa mkono, anapapasa kwa mguu penye maji ya samaki, akaelewa kabla hajaambiwa. Megha akaeleza hata hivyo. Angelina akasema, "Nisamehe, dada. Sikuona."

Jovitha alijifuta mikono, akalipokea bango, akalikunjua nusu, mpaka pale kwenye jino lililopanda. Akaliviringisha tena.

"Pole," alisema. "Pole kwa macho. Ila siku yenyewe ilishapita. Nitalitundika wapi?" Akageuza vipande kwenye mafuta. "Ningejua unaumwa nisingekuja kukusema vile. Lakini siwezi kusema haikuniuma. Bado inaniuma."

"Najua," Angelina alisema.

Jovitha aliliegesha bango kwenye nguzo ya kibanda, karibu na kuni, na wao wakaondoka.

Sasa Angelina anakaa mbele ya duka, anapokea wateja. Anawauliza wanataka nini, wanamwambia, naye anamtajia Rogath, ambaye ndiye amekaa kona ya nyuma. Rogath ana herufi za kuwaka alizozipakua zikiwa tayari, anabadilisha jina tu, anamaliza kabla mteja hajanywa maji. Mwanzoni Angelina alijaribu kumwelekeza, mwanga utoke wapi, uguse nini. Rogath alisikiliza kwa adabu, "Sawa, dada," akaendelea na zake. Wateja wanaridhika. Wanasema imetoka kali.

Kliniki anakwenda kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho daktari alimsogeza karibu na kusema jicho la kulia limeanza kuziba upande wa juu. Mama yake Masasi ameambiwa kwamba kazi inaendelea vizuri. Ukutani kule Bungoni majina bado yapo, na Angelina anajua kila moja limebandikwa wapi, ingawa rangi amekuwa akizichanganya. Juzi alisimama mbele ya ukuta huo akijaribu kukumbuka moja lilikuwa la buluu au la kijani, taa imewashwa, pua inakaribia kugusa karatasi. Akaliacha. Akachukua chupa ya matone, akainua uso, akahesabu moja, mbili, upande wa kulia, moja, mbili, upande wa kushoto, akafumba.